Nafasi ya Baba Nimeiacha Wazi

Somoe, shoga yangu, sikia yaliyonikuta!

Leo darasa la jioni tumejaribu programu yetu ya kompyuta, tuliyoiandika kwa lugha ya C, ile ya kukata mstari kila penye mkato: jina, baba, mtaa. Nikasali, nikaandika mstari wangu. Nafasi ya baba nikaiacha wazi, unajua kwa nini.

Programu ikairuka! Ikachukua mtaa wangu, ikasema baba yangu ni Chikongola!

Darasa zima: "Rozalia binti Chikongola!" Binti Chikongola, Somoe!

Mwalimu Anold akasema, "Mama, weka baba yeyote, jaribio lipite."

Baba yeyote!

Nikamwambia, "Sibandiki baba wa uongo kuifurahisha kompyuta. Tuirekebishe programu yenyewe."

"Basi utafeli."

Nifeli! Mungu ananiita Rozalia tangu nizaliwe, hajauliza baba ni nani. Kesho narudi na mstari uleule.