Kofia ya Mbweha na Siku Themanini na Nne

Jumanne, 10 Januari
Leo nimeuona ubongo wa binti yangu. Tolganai ana siku nne, gramu elfu moja na hamsini. Alipaswa kuja mwisho wa Machi! Daktari Galiya alimpaka mafuta ya baridi utosini, akaweka kifaa, na kwenye skrini yakatokea mawingu. Kazi yangu ni kusoma mawingu, kituo cha hali ya hewa, mwaka wa tisa huu. Haya siyajui. Akanionyesha doa jeupe upande wa kushoto – damu. Mishipa ya watoto wa wiki ishirini na nane za mimba ni laini mno. Itakuwaje? Wengi hukua vizuri tu, kasema, wengine mkono au mguu wa upande wa pili hukakamaa. Kwake ni wa kulia. Yeye yumo kundi gani? Hajui. Nilimpenda kwa kusema hajui. Kisha nikaenda kulia chooni.

Jumapili, 15 Januari
Vituko! Mama mkwe, Mama Biken, katokea wodini na kofia ya mbweha ya marehemu baba mkwe. Anataka Tolganai alazwe ndani yake. Zamani, anasema, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alitiwa kofiani, kofia ikatundikwa kwenye fito za hema, na kila siku ikahamishiwa ufito mwingine, mpaka siku zake zitimie. Muuguzi: "Mama, hiyo ina vumbi la tangu enzi za Usovieti! Haiingii hapa." Mama Biken: "Na hilo sanduku lako la joto ni nini kama si kofia?" Wodi nzima ilicheka. Kofia haikuingia.
Nyumbani kaitundika tupu kwenye kipasha joto cha ukutani, kile chenye mbavu za chuma. Kila siku ubavu mmoja. Kaanzia wa tisa, maana siku tisa zimeshapita.

Jumatano, 1 Machi
Kipimo cha tano. Doa linafifia. Damu ikiondoka, kilichoguswa kinarudi? Daktari: hapana, lakini ubongo mchanga hujitafutia njia nyingine. Huijuaje njia? Nimeuliza mpaka akatazama saa. Mume wangu Yerkin anautazama tu mkono wa kulia wa mtoto.

Ijumaa, 31 Machi
Tuko nyumbani wiki ya pili. Kofia imefika themanini na nne – imezunguka vipasha joto vya vyumba vyote, ikarudi tena. Mama Biken kakaanga maandazi sinia zima, kaita majirani. "Mjukuu wangu kazaliwa leo!" Jirani: "Si mlisema Januari?" "Januari alikuja kuchungulia."

Alhamisi, 6 Aprili
Daktari aliniagiza: akifika miezi mitatu, nimpige video. Chali, macho wazi, asilie, asichezewe. Dakika tatu. Kuna vijitikisiko vidogo vya viganja, shingo na vifundo vya miguu, kama anacheza ngoma anayoisikia peke yake. Vikionekana, dalili njema. Visipoonekana – basi.
Leo miezi mitatu. Nimepiga. Hakuna! Anajinyonganyonga tu, polepole. Nimeitazama mara kumi na moja. Yerkin katoka nje bila koti. Nimeituma. Mama Biken kachungulia simu: "Mnamtafutia nini mtoto wa siku sita?" Nimemjibu vibaya. Naona haya kuyaandika niliyosema.

Ijumaa, 7 Aprili
Daktari kapiga simu asubuhi. Miezi mitatu inahesabiwa kuanzia siku aliyopaswa kuzaliwa! Vijitikisiko huanza kama wiki ya tisa baada ya hapo. Kweli aliniambia. Nilisikia "miezi mitatu" nikakimbilia cheti cha kuzaliwa. Mimi, ninayepima mvua hadi milimita! Nimepika chai ya maziwa, nimemwomba radhi Mama Biken. Kanywa vikombe vitano kwanza, ndipo akasamehe.

Jumamosi, 24 Juni
Wiki kumi na mbili tangu 31 Machi, kwa hesabu ya kofia. Mama Biken mwenyewe kamfungua kamba za susu anamolala, kamlaza chali kwenye zulia. "Haya, mwanangu, piga video." Roho yangu mkononi.
Kiganja cha kushoto kinazunguka. Vidole vinafunguka, vinafumba. Shingo. Miguu – yote miwili! Nimeziba mdomo nisipige kelele. Mkono wa kulia ngumi, kifuani. Dakika ya pili, bado ngumi. Karibu na mwisho, kifundo cha mkono kikageuka. Kidogo. Au ni pumzi iliyokiinua?
Tumerudia. Mama Biken: "Kimegeuka!" – na miwani hana. Yerkin: "Ni pumzi, mama, usitudanganye." Wote wakanigeukia mimi, msomaji wa mawingu. Nimetazama tena. Sijui. Nataka iwe ndiyo mpaka siyaamini macho yangu.
Nimeituma. Daktari kaifungua. Simu inasema anaandika. Imeacha. Anaandika tena.
Mama Biken kaitoa kofia kabatini, kaitundika ubavu wa kwanza. Nimemuuliza, safari hii siku ngapi?
"Mpaka ule mkono nao ufike," kasema, kaenda kuchemsha maziwa.
Bado anaandika.