Arafa Isiyo na Magharibi

Dada yangu Zuwena,

Asalaam aleikum. Vipi hali yako, na lile goti, linakubali ngazi siku hizi? Sisi hapa Maskati, Madinat Sultan Qaboos, wazima, ila joto limetufungia ndani.

Naanza na hili ili usome umetulia: mwanao Haitham mzima, nimezungumza naye leo asubuhi. Sasa vuta kiti.

Unajua kule Norwe alikokwenda kusoma, kaskazini kabisa, kiangazi jua halizami. Mie nilidhani watu wanatia chumvi. Wallahi nimeliona kwa simu: linashuka mpaka usawa wa mlima, unasema hilo linazama, kisha linapanda tena. Miezi miwili hivyo! Analala kaziba dirisha kwa blanketi. Baridi ikija, ndiyo halichomozi kabisa.

Basi siku ya Arafa akataka kufunga. Na sukari yake ile! Ilikuwa nimkataze, nikaona siku moja tu, tena atafuata saa za Maskati. Nilimruhusu mimi, dada. Daku tulikula pamoja kwenye simu, kila mtu mezani kwake.

Magharibi ilipoadhiniwa kwetu nikampigia. "Haya, tende mkononi, bismillahi."

"Bado, mama mdogo. Jua liko juu."

"Juu wapi! Si tumekubaliana saa za huku?"

"Tumekubaliana. Lakini naliona kwa macho yangu, nitakulaje? Wewe ndiye uliyenifundisha."

Kweli, nilimfundisha. Alipokuwa mdogo akichungulia dirishani namwambia, ukiliona hata kidogo, usile. Nikamweleza alichosema sheikh wa msikiti wetu, kwamba pasipo na machweo watu hufuata saa za mji mwingine, na mgonjwa hata hafungi. Wapi! Kichwa cha baba yake, unakijua.

Kisha akaanza kukokota maneno. Nikamuuliza leo siku gani, akataja siku nyingine. Jasho linamtoka usoni, na kule kuna baridi. Nimwite nani Norwe? Hata jina la jirani yake nilikuwa silijui.

Nikaiweka tende yangu sahanini, aione. "Vizuri. Na mimi sifungui mpaka ufungue wewe."

Shemeji yako Khalfan akapiga kelele kutoka jikoni, "Raya, una presha, kunywa maji!"

"Sinywi!"

Haitham akanitazama sana. "Utaanguka, mama mdogo."

"Tutaanguka wote."

Dakika zile sikuombei, dada. Mwisho mkono wake ukaitafuta glasi ya juisi, ukaikosa, ukaipata. Akanywa. Akala tende tatu huku analia, na mie nalia na yangu mdomoni. Hata baadaye ulimi ukamkaa sawa, akaanza kunitania ati uzee umenifanya mlizi.

Ameniahidi hafungi tena bila daktari. Namba ya jirani yake nishaichukua.

Nisalimie kaka yetu mkubwa Suleiman, na mkweo, na yule bibi wa chini anayekuletea mkate wa mofa. Khalfan anakusalimu sana.

Usiku wa siku ile Haitham alinipigia tena, akaniuliza, "Mama yangu umemwambia?" Nikamjibu, "Ndiyo, nishamwambia." Leo siku ya nne. Kila nikishika simu nikupigie, naishia kuirudisha mezani, ndiyo nakuandikia. Ukinikasirikia ni haki yako, lakini akikuuliza, mwambie nilikwambia siku ileile.

Mdogo wako,
Raya