Mikono Miwili Ukutani

Baba yangu wa Uvira na wa Kyebando,

Ungekuwepo ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula. Mama amepika matoke na mchuzi wa karanga, na mpaka leo anapakua kama vile tuko watatu mezani. Sasa hilo tuliweke kando, niseme kilichonifanya nichukue kalamu: nilikudanganya, Baba. Mwaka jana niliporudi kutoka kwenye mashindano ya kuogelea kule ng'ambo, nilikusimulia mbio zangu nikaruka kipande kimoja, na kipande hicho ndicho kilichokuwa na uzito wote. Ukafariki kabla sijakuambia. Nilidhani siri hiyo ni yangu peke yangu, mpaka Jumapili iliyopita Mama alipofungua mdomo.

Lakini ngoja nianze mbali kidogo. Wewe mwenyewe ulikuwa hupendi mtu anayeingia kwenye habari kama anafukuzwa.

Unakumbuka asubuhi zetu pale hotelini? Ulikuwa umeacha kubeba mizigo sokoni Kikuubo, umepata kazi ya kusafisha bwawa, na furaha yako ilimchekesha sana Mama. "Mtu amekimbia vita akaacha ziwa lake kule Uvira," alikuwa akisema, "amekuja mpaka Kampala kuajiriwa na maji." Tulitoka kwetu Kyebando kwa miguu, mimi nikiwa na miaka minane, na ilibidi tumalize kabla mgeni wa kwanza hajaamka. Wewe ulivua majani kwa ule wavu wenye mpini mrefu. Mimi nilikuwa natetemeka pembeni huku meno yakigongana. Halafu ulisema neno moja tu, "Ingia," nami nikaingia.

Ulinifundisha mtindo wa chura na hukutaka kusikia mwingine. Mikono inafungua maji mbele, kichwa kinachomoza kuchukua hewa, miguu inapiga teke la chura, mwili unanyooka. Nilipokuomba unifundishe ule wa kurusha mikono mmoja mmoja, kama watoto wa wageni, uliniangalia kwa huruma. "Ile ya kupiga-piga maji ni ya mutu anakimbia mamba. Chura iko na akili. Inajua penye inaenda." Basi, mjadala ukaishia hapo.

Siku klabu ya kuogelea iliponipa karatasi ya sheria, ulinisomesha mstari kwa mstari. Tulipofika pale panaposema muogeleaji wa mtindo huu lazima aguse ukuta kwa mikono yote miwili kwa pamoja, la sivyo anaondolewa, ulipiga makofi. "Unaona! Hata hao wanajua heshima!" Nyumbani kwetu hakuna aliyemkabidhi mkubwa kitu kwa mkono mmoja. Nikikuletea chai hivyo, ulikuwa unatazama dari na kuniacha nimesimama na kikombe mpaka nijirekebishe. Kwa hiyo ukuta nao ukawa mkubwa wangu. Ulipiga magoti kwenye vigae, ukatumbukiza viganja vyako majini pale ninapomalizia, na mimi nilipaswa kuvigusa vyote viwili kwa mpigo mmoja. Saa ya kupimia hatukuwa nayo. Ulikuwa unahesabu kwa sauti. Nikikosea tu, mpini wa wavu unagonga sakafu: "Mikono mbili! Rudia!" Nilirudia mpaka vidole vikawa kama vya bibi kizee.

Mita hamsini ndizo ulizozipenda. Hazina kona wala kurudi. Unaruka, unafika, umemaliza. Nilipokua na kuanza kushinda hapa nyumbani ukaanza wimbo wako wa sekunde thelathini. "Siku utashuka chini ya thelathini kule wanaogelea watu ya dunia nzima, mimi nitalala usingizi ya kweli." Ulimwambia Mama, ukamwambia Otieno wa duka la simu, ukamwambia hata mchoma chapati ambaye wala hakuuliza.

Halafu kiharusi kikakukuta umeinama unafunga kamba za viatu. Miguu ilikurudia pole pole, ulimi nao. Mkono wa kushoto haukurudi. Hoteli ilimweka mtu mwingine kwenye wavu wako, ila meneja, Mungu ambariki, akaturuhusu tuendelee na asubuhi zetu. Wee, ulivyokuwa mkaidi! Hukukubali kiti. Ulinishika bega, ukashuka chini hatua kwa hatua, ukapiga magoti palepale pako pa zamani.

Siku ya kwanza nilikuja kwa kasi yangu yote, nikainua macho karibu na ukuta, nikaona kiganja kimoja tu majini. Cha kulia. Kile kingine kilikuwa kimelala mapajani pako. Nikajiambia, nikigusa kwa miwili, mmoja utagonga kigae kitupu, na wewe utakiona kile kigae. Sikuwa na moyo huo. Nikagusa kiganja chako kwa mkono mmoja. Hukuniambia nirudie, nami sikuuliza kwa nini. Tukaenda hivyo miezi, Baba, kila asubuhi, kwa adabu ya kijinga kabisa, kila mmoja akimficha mwenzake kitu ambacho wote wawili tulikuwa tunakitazama.

Kwenye mashindano ya hapa Kampala tabia hiyo haikuniletea shida. Ulikuwa unaketi mwisho wa bwawa na sauti yako inavuka fujo yote: "Mikono mbili!" Mwili ulikuwa unatii wenyewe. Kocha wa klabu alikuwa akisema wewe ndiye injini yangu ya akiba, nami nikawa nacheka.

Kule ng'ambo sauti hiyo haikuwepo.

Sitakuficha, lile bwawa liliniogopesha. Nilipangwa kwenye kundi la asubuhi, njia ya pembeni, na yule wa kando yangu alikuwa na kifua kipana kama mlango wa ghala la Kikuubo. Nikaruka. Maji yalikuwa laini ajabu. Nilisikia teke langu likishika maji, likishika tena, nikajua hii ndiyo. Nikafika, nikageuka kutazama ubao, na palikuwa pameandikwa ishirini na tisa na vipande vyake. Baba, nililia humo humo majini. Ile kufuta macho tu na kutazama tena, namba haipo. Jina langu lipo, namba haipo. Mzee mmoja mwenye shati jeupe akaja kunieleza kwa upole: mkono wa kulia uliutangulia wa kushoto ukutani. Nimeondolewa.

Sikubishana naye. Nilijua papo hapo. Mkono wangu ulikuwa unatafuta kiganja chako.

Nilikaa chooni nusu saa nzima kabla ya kupiga simu. Mama ndiye aliyepokea, akaniwahi: "Mtandao umetusumbua, bambi, pole mwanangu, hatujaona kitu. Vipi?" Nikashusha pumzi kama mwizi aliyepitwa na polisi. Akakupa simu, nikasema, "Baba, nimeshuka chini ya thelathini." Kweli tupu, na uongo mtupu. Ukapiga vigelegele vya kiume mpaka simu ikakwaruza. Ningekuambia nimeondolewa, ungeniuliza nimekosea nini. Ningekuambia nimekosea nini, ungejua kosa limetoka wapi. Nikaona heri niubebe uongo huo mwenyewe.

Niliporudi nilikuletea ile kofia yangu ya kuogelea, yenye bendera na jina letu. Nikapiga goti mbele ya kiti chako, nikakunyooshea kwa mikono miwili. Nilitegemea uichukue kwa wa kulia, kama ulivyokuwa unachukua kila kitu siku hizo. Badala yake uliushika mkono wa kushoto kwa huo wa kulia, ukaunyanyua, ukaulaza mapajani kiganja kikitazama juu. Ukaweka na wa kulia kando yake. Ukasubiri. Nikakuwekea kofia juu ya viganja vyote viwili, ukasema, "Umefika, mwana yangu." Nilidhani ni heshima tu, na furaha.

Wiki hiyo hiyo ukaacha kuja bwawani. Ulisema asubuhi zina baridi, magoti yanauma. Nilikasirika, Baba, sasa nakiri. Nikasema moyoni, kumbe alikuwa anataka namba tu, ameipata, basi mimi nijitegemee. Nilikununia mwezi mzima. Nilikuwa nakupita sebuleni na taulo yangu begani, nakusalimia kwa shingo upande, na wewe unaniambia tu, "Gusa vizuri." Ungeniambia ukweli siku moja! Au ningekuambia mimi. Wote wawili vichwa vigumu, Mama anasema alizaa mmoja akaolewa na mwingine.

Jumapili tulikuwa tunapanga nguo zako za kugawa. Kofia ikadondoka kutoka mfuko wa koti lako la kanisani. Mama akaiokota, akaketi kitandani, na huyo mwanamke ambaye hakulia mbele ya watu siku ya mazishi akaanza kulia. "Alikuona," akasema. "Mtandao ulikuwa mzima. Tuliona wote."

Mlikuwa dukani kwa Otieno, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Mliona nilivyoruka, mliona namba, mkarukaruka. Kisha mkaiona ikifutwa. Otieno akaanza kuwatukana waamuzi kwa Kijaluo, na wewe ukamshika mkono. Mama ameyashika maneno yako kama yalivyo: "Wacha. Hawana kosa. Ile ni mukono yangu. Ni mimi nilimuharibu." Ukawaapisha wote wawili wasiniambie. Nilipopiga simu, Mama alisema alichoagizwa. Na ulipofika nyumbani ulimwambia kwamba bwawani huendi tena, kwa sababu mtoto hawezi kujifunza upya wakati mkono wako bado uko ukutani.

Magoti yako hayakuwa yanauma. Ulikuwa umeutoa mkono.

Mimi nilikuwa nimekununia, Baba. Mwezi mzima, kwa jambo lililokugharimu asubuhi zako zote. Naomba unisamehe. Kwa kofia hiyo pia, niliyokupa kama zawadi ya ushindi wakati ulijua yote, ukauinua ule mkono uliokufa na kunipokea kwa miwili, uongo wangu ndani yake.

Jumamosi tunachujwa upya kwa timu ya taifa. Mama amesema atakaa kwenye kiti chako, mwisho wa bwawa. Ameanza hata kujaribu sauti yake uani na majirani wanauliza kuna nini. Leo asubuhi nilikwenda hotelini peke yangu. Nikaogelea urefu mmoja kwa nguvu zote, macho yamefunguka, na mwishoni hapakuwa na kiganja, ni vigae tu, vya baridi. Niligusa kwa yote miwili. Nikabaki nimeushikilia ukuta, nasikiliza kama utaniambia nirudie.

Hukusema. Nimechukulia kwamba nimegusa vizuri.

Lala sasa, Baba, usingizi ule wa kweli.

Mwanao,
Amani