Jipiesi Uliyotutumia Inarudi Kwako

Chumba cha juu, nyuma ya duka la rangi,
Jumapili mchana, Kipusa akiwa amelala.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo dada yangu, na watoto wote. Hamjambo huko? Ule mgongo wako umepoa, au bado unakaa kwa upande kama mtu aliyekalia msumari? Sisi hapa tunapumua. Mama yenu hajambo, miguu imepungua kuvimba. Kipusa ameota meno mawili ya juu na sasa anauma kila kinachopita mbele yake, bega langu likiwemo. Mdogo wako, mume wangu, anaendelea vizuri. Mkono bado umo kwenye plasta, lakini bega limeanza kukubali, na juzi alijifunga vifungo vya shati mwenyewe, akatembea chumbani akijionyesha kama bwana harusi.

Hizo ndizo salamu, na nimeziandika kwa moyo safi. Yanayofuata nayaandika nikiwa nimekasirika, Shemeji. Sana. Kama umesimama, kaa.

Barua hii umeikuta ndani ya kikasha cheusi. Usidhani kimepotea njia. Ni kile kile cha jipiesi uliyotutumia, kile kioo cha kuonyesha njia, na yenyewe imo ndani, nimeipangusa vumbi, pamoja na nyaya zake na kile kishikizo cha chuma. Jirani yetu fundi cherehani anakuja huko kumtazama binti yake aliyejifungua, ndiye aliyekubali kukibeba. Atarudi kabla plasta haijatolewa, na umeshatangaza kwamba utampa mzigo. Kitakachotoka kwenye begi lake ndicho kitakachofungwa kwenye usukani wa mume wangu siku atakayorudi kazini. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu hunipi nafasi. Kwenye kundi la familia nikiandika neno, wewe unatuma kidole gumba, Mama anatuma maua, na mambo yanahesabika yamekwisha.

Uliposikia ameanguka uliandika mbele ya ukoo mzima kwamba tatizo ni udogo wa kioo, na kwamba utatuma kingine, kikubwa zaidi, kipya, chenye rangi kali. Watu wakakupigia makofi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika kijiko cha supu, namlisha mdogo wako mdomoni kama ninavyomlisha Kipusa. Nilitamani kukirusha kile kijiko kifike huko huko uliko.

Shemeji, naomba nikueleze, maana wewe umeona picha tu. Mdogo wako hapandi pikipiki kwa matembezi. Anabeba dawa. Anazichukua kwa mfamasia, anazitia kwenye boksi la baridi, anawapelekea wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani. Njia zake ni vichochoro, nyuma ya magereji, kwenye maghorofa yasiyo na namba mlangoni. Na kabla ya jipiesi yako, jipiesi ilikuwa mimi. Ile kazi yangu ya kupanga vifurushi ghalani, kabla sijajifungua, imeniachia mitaa yote kichwani. Yeye alikuwa anachomeka simu ndani ya helmeti, inabanwa shavuni, mimi namwongoza: pita kwa kinyozi, ukiona ukuta wa bluu kata kushoto. Kipusa ananyonya, mimi naendesha pikipiki kwa mdomo. Mara nyingine usingizi unanichukua, nasikia, "Mama Kipusa, nimefika ukutani. Niupande?"

Tulicheka, lakini nilichoka. Na siku moja ile simu ilimteleza shavuni akiwa kwenye mteremko, hatukucheka tena. Tukakubaliana tutafute kifaa cha kuonyesha njia. Tulikuwa bado tunauliza huku na huku, hiki kinafaa, hiki hakifai, wewe ukaingia.

Ulitoa ile ya pikipiki yako mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa umejinunulia mpya. Najua ulitoa kwa mapenzi, sitakudhulumu katika hilo. Siku ya kwanza mdogo wako aliiweka kando ya mto akalala nayo, nikabaki najiuliza ni nani mke humu ndani. Lakini pamoja na kifaa ulituma agizo: nimeshakupangia kila kitu, usiguse chochote. Na unamjua. Wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha baiskeli na kufunga kamba za viatu. Neno lako kwake ni muhuri. Hakugusa.

Basi akaanza kuchelewa. Kila siku. Nilipomuuliza kwa nini kutoka kwa mfamasia kwenda kwa yule bibi wa dawa ya sukari anapitia machimbo ya mawe, alinijibu, "Labda mashine imeona foleni." Foleni gani hiyo machimboni, ya mbuzi? Akaniambia mashine inajua. Mfamasia naye, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata kwa nzi, alimpokea mlangoni mbele ya wateja: "Baba Kipusa, umepitia wapi leo, mwezini?" Wiki iliyofuata akaniita pembeni akaniuliza kwa kunong'ona kama mume wangu ana nyumba nyingine. Nikacheka kwa meno ya mbele tu. Nilipofika nyumbani nikamnusa shati. Lilinuka vumbi tupu.

Yule bibi wa sukari akaomba aletewe dawa na mtu mwingine. Mdogo wako alikaa pale kitandani na helmeti mapajani, hakuvua hata jaketi. Alidhani amezeeka kazini, na umri wenyewe bado wa ujana.

Sasa sikiliza nilichokiona. Alipokuwa amelala na maumivu yake, nilishuka uani, nikamfunga Kipusa mgongoni, nikapanda juu ya ile pikipiki imesimama kwenye stendi yake, nikawasha jipiesi. Nilitaka kuona anachokiona yeye. Ilikuwa jua la utosi. Nilichokiona kwenye kioo ni sura yangu mwenyewe, nywele timutimu. Nikavaa glavu zake, nikagusa, kioo hakikuitika, kama nimekigusa kwa mti. Ndipo nikaelewa kwa nini glavu ya kulia ina alama za meno. Alikuwa anaivua kwa mdomo, Shemeji, huku anaendesha.

Akapita dereva mwenzake, yule tunayemwita Breki kwa sababu hana. "Mama Kipusa, unatoroka na mtoto?"

"Natoroka na jipiesi. Njoo unisomee humu."

Akaingia kwenye mipangilio yako. Kulikuwa na picha ya barabara iliyojikunja kama utumbo, na mbele yake alama ya tiki. Breki alishika kiuno akacheka mpaka Kipusa akashtuka. Akasema hiyo ni ya watu wanaopanda pikipiki kwa raha zao, kifaa kinawatafutia njia yenye kona nyingi kuliko zote. Na chini yake tiki nyingine: kikwepe barabara kuu. "Shemeji yako alidhani jamaa anapeleka dawa au anapunga upepo?"

Mimi sikucheka. Kumbe muda wote ule mume wangu alikuwa anazungushwa kwenye matembezi yako ya Jumapili, na dawa za watu mgongoni. Aliaibishwa mlangoni kwa mfamasia, akapoteza mgonjwa wake, akajiona hafai, kwa sababu ya tiki uliyoiweka wewe kwa starehe yako na ukamwambia asiguse.

Nilipomwonyesha alitazama ile picha kwa muda. Nilidhani atakasirika, nikafurahi kwamba angalau tutakuwa wawili. Akasema tu, "Si angeniuliza napita wapi." Akageukia ukutani.

Lipo na jingine. Hili alinikataza nisikuambie. Mimi nilinyamaza, naye akadhani nimekubali. Ile jipiesi uliiunganisha na simu yake ili meseji na picha zimtokee pale pale kwenye kioo. Siku aliyoanguka alikuwa anatoka kwenye kichochoro cha magereji. Kioo kikawaka. Ilikuwa picha yako, umesimama kilimani kando ya pikipiki yako, na chini yake umeandika, "Vipi mdogo wangu, kioo kinapendeza?" Akainamisha macho amwone kaka yake. Alipoyainua, mkokoteni wa madumu ulikuwa umeshafika.

Alinieleza hospitalini, kwa sauti ya chini, kabla hawajamfunga mkono. Akamalizia, "Kaka asijue. Atajilaumu." Mfupa umevunjika na bado anakuonea huruma wewe.

Mimi sikuandikii ujilaumu. Kujilaumu kwako hakutamshikia usukani. Nakuandikia usikie, kwa sababu ungetuma kioo kikubwa zaidi, chenye picha kubwa zaidi, na mimi ningekaa humu chumbani kila siku nasikiliza mlio wa pikipiki na roho mkononi.

Tumeshachagua, yeye na mimi, baada ya kubishana vya kutosha. Tunataka kile kidogo cha duara, kama anacho Breki, kinachotosha kiganjani kama kifuniko cha chupa ya maziwa ya mtoto. Kinaonyesha mshale, na umbali uliobaki mpaka kona, basi. Hakileti meseji wala picha, na hakijui machimbo ya mawe. Nilikijaribu uani kwenye jua lile lile nikakisoma, nikakibonyeza na glavu kikatii, Kipusa akakitia mdomoni akakitemea mate na kikaendelea kufanya kazi. Kinaunganishwa na hedifoni ya sikio moja, kinasema kulia au kushoto, sikio la pili linabaki kwa barabara. Hakina sifa, nakuambia mapema. Ukikipiga picha ukakiweka kwenye kundi la familia hakuna atakayeshangilia.

Ukitaka kutusaidia, na tunahitaji msaada wako, mpe fundi cherehani hicho. Ukiona haya kwa udogo wake, mwache arudi na begi lake tupu. Nitaongoza kwa mdomo tena, na usingizi wangu nitautafutia siku nyingine. Lakini kile kikubwa kikija, Shemeji, hakitapanda ngazi hizi. Nitasimama chini pale na mtoto mgongoni.

Mama ananinunia. Anasema nimekataa zawadi ya mwanawe. Mweleze wewe, maana nikimweleza mimi naonekana nina wivu wa maendeleo.

Mipangilio yako sijaigusa. Tiki zote ziko kama ulivyoziacha. Ifunge tena kwenye pikipiki yako uende nayo kwenye kona zako, huko ndiko inakofanya kazi. Nakuomba kitu kimoja tu: zima meseji. Na wewe una mke anayesikiliza mlango. Humu ndani tumeshakubaliana, Jumapili asubuhi hakuna atakayekuandikia neno. Hata haya yote nimeyatia kwenye kikasha ili uyasome ukiwa umekaa.

Mbusu dada yangu kwa niaba yangu, na watoto uwaambie Kipusa ana meno sasa, waje na vidole vyao. Mama anakusalimu, pamoja na kuninunia kwake. Mungu akulinde barabarani na aunyooshe huo mgongo wako.

Mdogo wako anakusalimu sana. Hajui kwamba nimekueleza habari ya ile picha, na asijue. Mpigie tu jioni moja akiwa amekaa. Usimwambie kifaa kipi ni bora. Muulize anapita wapi, kutoka kwa mfamasia mpaka kwa mgonjwa wa mwisho, kona kwa kona, na umwache aseme mpaka afike.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata nikiwa nimekununia,

Mama Kipusa