Mvuke wa Maua Uliyotuma

Kitinda mimba wangu,

Sisi wazima, ni goti langu tu linanisumbua. Yale maua makavu ya Kiingereza ya kutilia bia, Golding, yamefika. Jana nilipika mwenyewe, maana baba yako, fundi wa bia wa nyumba hii, siku hizi anakaa tu dirishani. Nilitaka kuyatia yote mwanzoni, nikakumbuka kelele zako: "Mama, unapika bia au kabichi? Maua ya harufu hutiwa baada ya moto kuzimwa!" Basi nikazima, nikatia, nikafunika.

Nilipofunua, nyumba ilijaa harufu ya asali na udongo uliolowa, nikawa kama naota nimesimama. Baba yako akaja jikoni peku, anatabasamu.

"Kijana amerudi? Nani mwingine anapika hivi?"

Mwanangu, amesahau kwamba ulihamia mbali. Mimi huniita dada. Wewe bado anakujua.

Nikamjibu, "Yuko njiani, mzee wangu."

Tangu hapo amekaa mlangoni na vikombe viwili, kula hataki. Njoo kabla bia haijawiva, mwanangu. Usiniache niwe mwongo.

Mama yako, anayekuwaza hata usingizini.