Gauni Lililobaki kwa Bi Tatu

Baba Nasra,

Amani ikufikie huko Mapinga, wewe na wa nyumbani kwako. Barua hii naiacha wazi, wasome na wengine walioachana na bado wana mtoto wa kulea. Huenda wao hawajafika tulipofika sisi.

Unaikumbuka akika ya Nasra, hapa Kaole? Mama yangu alimshika kichwa, wewe ukamnyoa, mimi nikakinga nywele kwa sahani. Ulikwangua ovyo mpaka mama akakwambia, "We baba, unanyoa mtoto au unapalilia mihogo?" Watu walicheka. Walipoondoka ukaniambia, "Huyu tutamlea kwa mikono minne." Nilikuamini. Hata uliponipa talaka, nilijua mikono ile bado ipo.

Sasa sikiliza. Lile gauni la Idi la kijani, ambalo nilisikia mkeo kamshonea Nasra, mwanao hakurudi nalo. Nikasema moyoni, wamemnyang'anya. Juzi nikapita kwa Bi Tatu, muuza vitumbua, pale tunapopokezana mtoto ili mimi na wewe tusionane uso kwa uso. Nikaona gauni la kijani la kitoto limeanikwa kwenye kamba yake.

"Shikamoo, Bi Tatu. Hilo si gauni la Nasra?"

"Marahaba. La nani tena? Mie ndiyo nimekuwa kabati lake. Akitoka kwa baba yake analivua, anavaa la kwako. Akienda kule, analivaa. Vitumbua vyangu hamnunui, nguo mnaniletea!"

Nilicheka naye. Njia nzima uso uliniwaka.

Nyumbani nikamuuliza Nasra kwa nini analiacha kule. Akawa anachimba mchanga kwa kidole cha mguu.

"Ukiliona utanuna, mama."

"Nilinuna lini mimi?"

"Lile la mwaka jana ulilinusa. Ukasema linanuka nyumba ya watu."

Ni kweli, nilisema. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kufua nguo za watu tangu asubuhi, mgongo hausimami, lakini nilisema. Nikamuuliza, na kwa baba je, unaficha nini? Akajibu pole pole, "Kule sisemi kama huku tunacheka. Baba akisikia tunacheka, ananyamaza."

Baba Nasra, mtoto wa miaka tisa anatulinda sisi, watu wazima, tusikasirike. Anajua avue nini wapi, na acheke wapi. Tangu siku ile naona haya hata kumsuka. Ananilalia mapajani, ananipa kichwa chake kama zamani, nami najiuliza humo ndani ametuwekea mangapi mengine. Mikono minne ipo, ila miwili inavutia Mapinga na miwili inavutia Kaole, na katikati yuko yeye.

Basi usinitumie tena maneno kupitia kwake. Namba yangu unayo, nipigie. Kama ni kugombana, tugombane sisi, yeye akiwa madrasa. Na mimi sitamuuliza tena kwenu mlikula nini wala nani kasema nini. Hilo nimeshalikata.

Ijumaa ijayo ni maulidi ya madrasa, Nasra anasoma kaswida mbele ya watu. Wewe utakaa huko kwa wanaume. Mkeo mlete, aje kwenye mkeka wangu. Nitasimama nimpokee mwenyewe, na wa kunong'ona wanong'one. Hina nitampaka mtoto mimi, gauni atavaa lile la mkeo.

Nimeshalichukua kwa Bi Tatu, nimelipiga pasi, nimelitundika juu ya kitanda chetu mimi na mtoto. Nikamwambia Nasra, "Limeshonwa vizuri hili, mwanangu." Gauni hakulitazama. Alinitazama mimi usoni, anatafuta kama nimenuna. Nikatabasamu. Akaendelea kutafuta.

Njooni mapema, kabla watu hawajajaa, Nasra atuone mimi na mkeo tumekaa pamoja. Tuonane Ijumaa, inshallah.

Ni mimi,
Mama Nasra