Baridi ya Kakamega Haiui Beteri

Niaje Chaji,

Naandika mbiombio juu mamako ameenda soko Malinya na atarudi saa yoyote. Niko hapa kwenu nyuma ya jikoni, nimekalia ndoo. Ile sanduku yako ya beteri, ile ya mwisho kutengeneza, nimeitoa nje. Iko juu ya mchanga ile ilibaki wakisimiti kaburi yako.

Usinikasirikie. Ngoja nikuambie.

Siku ya kunyoa, baada ya mazishi, wakati vitu zako ziligawanywa, jaketi ilienda kwa mjomba wako, mimi nikapewa koleo na mita ya kupima stima. Lakini sanduku, mamako alikataa. "Hii haiendi popote. Hii ndio mkono wa mtoto wangu, inaniwashia taa." Nani angebishana?

Leo nimekuja kumsalimia tu. Nikauliza taa inaendelea aje. Akasema iko sawa, anafuata vile ulimwambia. Ulimwambia nini? Akanionyesha.

Chaji, ameifunga na sweta yako ya shule, ile ya maruni, akaiweka karibu na jiko ya mawe. Asubuhi anaifunua ishike stima ya sola, jioni anaifunika tena, kila siku, tangu uende. "Si mlisemanga betili haitaki balidi?"

Ile vidio tuliona kwa simu! Yule mzungu wa theluji, kofia mpaka masikio, anasema baridi inaua beteri. Uliruka ukamkimbilia jikoni, "Mama, usiache ipate baridi!" Na mimi nilikuwa hapo natingisha kichwa kukubali, kama mjusi. Hakuna mtu kati yetu alifikiria baridi ya huyo jamaa inagandisha mto. Yetu ni ya kuvaa sweta tu, na beteri haina shida nayo. Joto ndio adui yake.

Nimesoma sana tangu tukuzike, msee. Unakumbuka tulibishania ule utandu wa ndani ya beteri? Wewe ulisema ni uchafu, inafaa itolewe. Hapana! Beteri ikichajiwa mara ya kwanza, ile maji ya ndani, elektroliti, inaungua kidogo pale inaguza ukuta wa kaboni, inaacha utandu mwembamba, kama ule wa maziwa ikichemka. Huo utandu ndio askari. Lithiamu anaachilia apite, ile maji ingine anaikataza kuungua. Bila yeye beteri inajikula yenyewe! Ningekupata siku moja tu nikuambie hii, ungeshika kichwa.

Sasa weka joto, kila siku. Utandu unapasuka, unajijenga tena, unapasuka. Kila ukijengwa unakula maji na lithiamu, na gesi inabaki.

Nilipotoa sweta, zile beteri bapa tulitoa kwa tableti zimefura kama mandazi. Kifuniko imeinuka. Halafu harufu, tamutamu, kama ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Karibu na moto, Chaji! Na yeye analala hapo hapo, kitanda iko upande ule mwingine wa ukuta.

Nikachomoa waya, nikaiweka kwa karai polepole nikaibeba. Akauliza naipeleka wapi. "Inataka hewa kidogo, Mama." Nilidanganya. Akasema, "Sawa, lakini jua ikishuka uiludishe. Hiyo sweta usiangushe kwa matope." Akachukua kikapu akaenda soko.

Nimesimama kuiangalia mara nne nikiandika hii. Haina moshi. Imetulia tu, imefura.

Nilifikiria nilete beteri zingine nizifiche ndani ya sanduku ileile, asijue. Niko nazo, mzuri kabisa, nimezipima. Lakini atazifunika pia! Na hizo zitafura. Kwa hivyo lazima aambiwe aache kufunika, na akiuliza kwa nini, lazima nimwambie mtoto wake alikosea. Ile kitu anashikilia ndio hiyo hiyo itamchoma. Ungemwona vile anavuta hiyo sweta pembeni, polepole, kama anakulaza. Nitaanza wapi?

Nakuahidi hii moja: hiyo sanduku hairudi ndani, hata akinifukuza. Na leo hatalala giza, nitamuunganishia ile taa yangu ya sola. Na nitaendelea kusoma, zile zote tulikuwa hatuelewi, nitasoma mpaka nielewe kwa niaba ya sisi wawili.

Basi pumzika, fundi. Huyo anakuja, nasikia akisalimiana na watu pale kwa njia.

Nimefikiria kitu. Sitasema "alikosea." Nitasema "tulikosea, Mama," juu hata mimi nilitingisha kichwa. Lakini yule aliruka kumwambia ni wewe, na yeye anajua ni wewe. Chaji, hiyo ni ukweli ama ni uongo ingine? Ungekuwa hapa kwa hii ndoo, wewe ungemwambia nini?